Kuaga Mara Tatu: Jumuiya ya Wasomaji wa Natete, 1878–1890

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya jumuiya ya Kikristo ya wasomaji iliyokulia Natete, magharibi mwa mji wa sasa wa Kampala, kati ya mwaka 1878 na 1890. Historia hiyo imezoeleka kusimuliwa ama kama wasifu wa mmisionari mmoja, Alexander Mackay, ama kama dibaji ya kisa cha mashahidi wa Uganda. Hapa inatazamwa kama historia ya jumuiya iliyolazimika kuaga mara tatu: iliiaga lugha iliyojifunzia kusoma, yaani Kiswahili, ikamuaga mwalimu wake, na mwishoni ikapaaga mahali ilipozaliwa. Makala inadai kwamba kila mara jumuiya ilipoaga, kitu kilihama kutoka mikononi mwa wageni na kuingia mikononi mwa wasomaji wenyewe, na kwamba hiyo ndiyo sababu jumuiya haikufa pamoja na kituo chake.

Utangulizi

Msafiri anayetoka katikati ya Kampala kwa barabara ya Masaka hupita Nateete kabla ya kufika mzunguko wa Busega. Hapo hukutana na soko, teksi, boda boda na maduka yaliyobanana. Ukiacha shule inayobeba jina la Mackay na kumbukumbu za mashahidi zilizoko jirani, ni machache yanayomdokezea kwamba hapo ndipo karatasi za mwanzo za Kiganda zilipopigwa chapa. Maandishi ya karne ya kumi na tisa yanapaita Natete, na tahajia hiyo ndiyo inayofuatwa katika makala hii pale inapozungumzwa habari ya wakati huo.

Swali linaloongoza makala ni jepesi kuuliza. Kituo cha Natete kilidumu kwa takribani miaka kumi tu. Mwalimu wake mkuu alifukuzwa, nyumba zake zikaporwa, na wamisionari waliorudi baadaye wakajenga kwingine. Kwa kipimo cha majengo, Natete ilikuwa hasara. Hata hivyo, watu waliojifunza kusoma pale ndio waliokuja kulisimamia kanisa, kuitafsiri Biblia na kuiandika historia ya Buganda. Ni nini kilichobaki baada ya kuagana, na kilibakije?

Kusoma kabla ya Natete

Kusoma hakukuletwa Buganda na Wakristo. Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suna II, na kwa miaka iliyofuata Uislamu uliingia ikulu pamoja na bidhaa za pwani. Chini ya mrithi wake, Mutesa I, vijana wa ikulu walifundishwa sala, mfungo wa Ramadhani na herufi za Kiarabu. Mwaka 1876 Mutesa aliwaua Waislamu wengi miongoni mwao walipokataa kuuweka utii wake juu ya masharti ya dini yao. Kwa hiyo, miaka kumi kabla ya moto wa Namugongo wa 1886, Buganda ilikwisha kuona watu wakifa kwa ajili ya walichokisoma.

Neno lenyewe linatoa ushahidi. Kitenzi cha Kiswahili kusoma kiliingia katika Kiganda kikawa okusoma, na maana yake ikapanuka hata ikajumuisha kuabudu. Mtu aliyefuata dini ya kitabu aliitwa msomaji, awe Mwislamu, Mprotestanti au Mkatoliki. Pamoja na kitenzi hicho yaliingia majina ya vyombo na desturi zake: ekitabo kutoka kitabu, eddiini kutoka dini, essaala kutoka sala, na ekkanisa kutoka kanisa. Wamisionari walipofika walilikuta jina la jumuiya yao likiwa tayari, na lilikuwa limetoka pwani.

Kuaga kwa kwanza: lugha

Henry Morton Stanley alifika kwa Mutesa mwaka 1875 akiwa na kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni ya Unguja. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki ikulu akimsomea Kabaka na kumwandikia barua. Barua ya Stanley ya kuwaomba Waingereza wapeleke walimu ilitangazwa London Novemba 1875, na shirika la kimisionari la CMS likaitikia. Wajumbe wake wa kwanza walifika Buganda Juni 1877. Mackay, mhandisi wa Kiskoti aliyezaliwa 1849, alichelewa pwani kwa ugonjwa na kwa kazi ya kufungua njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa; akafika Buganda Novemba 1878.

Ucheleweshaji huo ulikuwa na faida. Mackay alifika akiwa anajua Kiswahili, na Mutesa mwenyewe alikielewa. Siku za Jumapili maandiko yalisomwa barazani kwa Kiswahili, kutoka katika tafsiri za Askofu Edward Steere wa Unguja, kisha yakaelezwa kwa Kiganda. Wanafunzi wa mwanzo wa Natete nao waliingia katika kusoma kwa mlango huo huo. Walijifunza silabi za lugha ambayo haikuwa yao, kwa sababu hiyo ndiyo lugha iliyokuwa na kitabu.

Mpangilio huo ulikuwa na udhaifu wake. Msomaji aliyejua Kiswahili kidogo alimtegemea mfasiri, na mfasiri alimtegemea mmisionari. Maana ilikuwa ngazi mbili mbali na yule aliyeitafuta. Ndiyo maana Mackay alianza mapema kuchonga herufi kubwa za mbao kwa mikono yake ili apate karatasi za kusomea za Kiganda, na baadaye akatumia mtambo mdogo wa kupigia chapa. Mwenzake C. T. Wilson alichapisha sarufi fupi ya Kiganda mwaka 1882. Ashe, aliyefika 1883, aliingia katika kazi ya kutafsiri, na kwa miaka iliyofuata sura za Injili ya Mathayo zilianza kutoka Natete karatasi moja baada ya nyingine.

Watafsiri wa kweli wa karatasi hizo hawakuwa wageni peke yao. Kila neno lilijaribiwa mbele ya vijana waliokaa kituoni. Mmoja wao, Sembera, aliomba ubatizo kwa barua aliyoiandika mwenyewe kwa Kiganda, akitumia ukoka mkali badala ya kalamu. Alibatizwa pamoja na wengine wanne tarehe 18 Machi 1882. Mwingine, Duta, alipelekwa Unguja, akabatizwa huko mwaka huo huo kwa jina la Henry Wright, na akarudi na Kiswahili cha pwani kinywani. Huyo ndiye atakayeonekana tena mwishoni mwa makala hii.

Hivyo Kiswahili kiliagwa Natete bila kufukuzwa. Kilikuwa kimeifanya kazi ya daraja, na wasomaji walipofika ng'ambo hawakuwa na haja ya kukaa juu yake. Walichukua msamiati wake wakauvika sauti za Kiganda. Mwishoni mwa 1884 waumini waliohesabiwa katika kanisa hilo walikuwa 88. Idadi hiyo ni ndogo, lakini sasa ilikuwa na maandishi katika lugha ya nyumbani.

Hofu na baraza

Mutesa alifariki Oktoba 1884, na Mwanga, kijana wa miaka kama kumi na minane, akarithi. Mackay alikuwa amemtengenezea jeneza mama yake Mutesa mwaka 1882, na sasa alitengeneza la Kabaka mwenyewe. Ufundi huo ulimpa heshima ikulu, lakini haukuwapa wasomaji kinga. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa kituo, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa Busega, mwendo mfupi kutoka Natete. Yusufu alikuwa bado mtoto.

Jambo lililofuata halipewi uzito wa kutosha katika masimulizi mengi. Katika mwaka huo huo wa 1885, Mackay na Ashe hawakungojea askofu wala ruhusa ya London. Waliwaweka baadhi ya Waganda kuwa wazee wa baraza la kanisa. Sababu yao ilikuwa ya kivitendo: wageni wangeweza kufukuzwa siku yoyote, na lazima wawepo watu wa kuongoza sala, kufundisha na kuamua mambo. Kusanyiko kubwa la Jumapili lilivunjwa likawa mikutano midogo katika nyumba za wazee. Robert Munyagabyanjo alikuwa mmoja wa wazee hao, na nyumba yake ilikuwa mahali pa kusomea.

Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Novemba aliuawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa Wakatoliki ikulu. Mateso makubwa yalifuata katikati ya 1886 na kufikia kilele Namugongo tarehe 3 Juni. Orodha inayokubalika leo ina Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, na Munyagabyanjo yumo. Katika kipindi hicho mtambo wa Natete haukunyamaza. Ulitoa waraka mfupi wa kuwatia moyo waumini, uliosambazwa kwa siri. Karatasi moja iliyokunjwa iliweza kuingia mahali ambapo mwalimu mweupe asingeweza kukanyaga bila kumhatarisha mwenyeji wake. Kwa mara ya kwanza jumuiya iliunganishwa na maandishi zaidi ya kukutana ana kwa ana.

Kuaga kwa pili: mwalimu

Philip O'Flaherty alikuwa amekwisha kuondoka, na Ashe aliondoka 1886. Mackay alibaki peke yake Natete kwa karibu mwaka mzima. Mchana alifanya kazi za ufundi alizotakiwa na ikulu, na usiku, wasomaji walipokuja kwa kificho, alifundisha. Ni katika upweke huo ndipo kazi ya Injili ya Mathayo ilipofikishwa mwisho.

Mwaka 1887 washindani wake barazani, hasa wafanyabiashara Waarabu waliohofia uwezo wa Wazungu kuingilia biashara yao, walimshawishi Mwanga amwondoe. Haitakuwa haki kuwalaumu hao peke yao. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujitwalia maeneo ya bara mkabala na Unguja, na mfalme kijana alikuwa na sababu ya kuuliza kila mgeni alitumwa na nani. Mackay alikubali kuondoka kwa sharti kwamba mwingine aje mahali pake. Julai 1887 alipanda Eleanor, mashua ya misheni, akavuka ziwa kuelekea kusini. E. C. Gordon alishika nafasi yake, na mwaka uliofuata R. H. Walker akajiunga naye.

Wasomaji waliachiwa nini? Hawakuachiwa mchungaji Mwafrika aliyewekewa mikono, kwa kuwa hakuwapo bado hata mmoja. Hawakuachiwa jengo lenye usalama. Waliachiwa Injili moja katika lugha yao, baraza la wazee lililokwisha kupimwa kwa damu, na mazoea ya kukutana katika nyumba. Mackay hakurudi tena Buganda. Alikaa Usambiro, kusini mwa ziwa, akaendelea kutafsiri Injili ya Yohana. Stanley alipompitia mwaka 1889 akirejea pwani pamoja na Emin Pasha, alimwona akiwa bado kazini na hakuweza kumshawishi arudi kwao. Mackay alifariki Usambiro Februari 1890, akiwa na umri wa miaka arobaini.

Kuaga kwa tatu: mahali

Septemba 1888 vikundi vya wasomaji, Waislamu na Wakristo kwa pamoja, vilimwondoa Mwanga. Umoja huo ulidumu wiki chache. Oktoba Waislamu walishika madaraka, na Wakristo wa madhehebu yote mawili wakakimbilia Ankole. Kituo cha Natete kiliporwa. Gordon na Walker walifungwa pamoja na mapadre wa Kifaransa, kisha wote wakafukuzwa katika mashua ile ile ya Eleanor. Ziwani kiboko aliitoboa mashua, na baadhi ya vijana waliokuwamo wakazama.

Wakati huo Natete ilikuwa imekwisha kama mahali. Lakini jumuiya haikuwa Natete tena. Ilikuwa Ankole, uhamishoni, bila mmisionari, bila mtambo na bila nyumba. Kati ya wakimbizi hao na Usambiro zilipita barua za Kiganda zilizoandikwa na watu waliofunzwa kuandika Natete. Mwalimu na wanafunzi walikuwa wameagana kwa mwili, na bado waliendelea kujibizana kwa kalamu. Hapo ndipo thamani ya kuaga kwa kwanza inapoonekana waziwazi. Laiti lugha ya kusomea ingebaki ya kigeni, kambi ya uhamishoni isingekuwa na cha kusoma bila mfasiri.

Mwanga alirudishwa katika kiti chake Oktoba 1889 kwa msaada wa Wakristo hao hao ambao wenzao aliwaua. Gordon na Walker walirejea. Hata hivyo, misheni haikujengwa upya Natete. Katika mwaka 1890 kazi ilihamia Namirembe, karibu na ikulu ya Mengo, na Askofu Alfred Tucker alipofika Desemba mwaka huo alilikuta kusanyiko kubwa likimngojea huko. Kuhama huko kulikuwa na bei yake. Natete ilikuwa kando ya ikulu. Namirembe ilikuwa uso kwa uso nayo. Kanisa lililokuwa la watu wanaojificha likawa kambi ya kisiasa, na Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki waliokimbia pamoja walipigana wao kwa wao Mengo. Si kila kilichokuwa Natete kilivuka salama.

Kilichovuka

Kilichovuka kilikuwa maandishi na watu wa kuyashughulikia. Henry Wright Duta, yule aliyebatizwa Unguja, alikuwa mshirika mkuu wa George Pilkington katika kuitafsiri Biblia nzima ya Kiganda, iliyokamilika 1896. Mwaka 1900 Ham Mukasa alichapisha ufafanuzi wa Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Kitabu ambacho wageni walikitoa karatasi moja moja Natete sasa kilifafanuliwa na Mganda kwa ajili ya Waganda. Mwaka 1901 ilitoka historia ya wafalme wa Buganda ya Apolo Kaggwa, naye pia mtu wa kizazi kile cha wasomaji wa ikulu. Kutoka silabi za kukariri hadi historia iliyoandikwa na wenyeji ilipita miaka ishirini na michache.

Suala la lugha linahitaji neno la mwisho. Mackay alitazamia Kiswahili kiwe kiungo cha watu wa sehemu hii ya Afrika. Tucker aliipinga fikra hiyo kwa sababu aliona lugha hiyo iko karibu mno na Uislamu, na katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipotaka kukipa Kiswahili nafasi rasmi Uganda, viongozi wa Buganda na wa makanisa walikuwa miongoni mwa waliokikataa. Walikuwa na hofu za kweli juu ya ardhi, cheo na kumezwa na majirani. Lakini hoja kwamba Kiswahili kilikuwa kigeni kwa ibada ya Buganda haikuwa na msingi katika historia ya Natete. Waliokikataa walitoka ekkanisa, walikoshika ekitabo na kusema essaala.

Hitimisho

Historia ya Natete inaonyesha kwamba jumuiya ya maandishi haiishi kwa kubaki na kila ilichoanza nacho. Wasomaji wa Natete waliiacha lugha ya mwanzo, wakapata ya kwao. Walimpoteza mwalimu, wakapata baraza. Waliliacha eneo, na wakagundua kwamba jumuiya yao ilikuwa imejengwa juu ya kitu kinachobebeka. Katika kila hatua kilichowaokoa kilikuwa kimetayarishwa kabla ya siku ya kuaga: Injili ilichapwa kabla mwalimu hajafukuzwa, wazee waliwekwa kabla Hannington hajauawa, na barua zilifundishwa kuandikwa kabla ya uhamisho.

Kwa wanahistoria wa Kiswahili, Natete inatoa pia funzo la unyenyekevu. Lugha inaweza kutenda kazi kubwa mahali fulani kisha ikaagwa, na kazi yake isifutike. Mnamo 1927 mabaki ya Mackay yaliletwa kutoka Usambiro yakazikwa Namirembe. Hayakurudishwa Natete, na uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu kusanyiko lililomkumbuka lilikwisha kuhama zamani. Nateete ya leo ina soko lake na pilikapilika zake. Kila asubuhi watoto wanaoipita kwenda shuleni wanakwenda okusoma, na neno hilo limewazoea kiasi kwamba hakuna anayeuliza lilitoka wapi.